Sura ya Nne: Kilo 56 za Chokaa

Tanuu la chokaa la pwani hujengwa kwa magogo. Wachomaji huyapanga kwa mduara, safu juu ya safu, wakaacha tundu katikati la kutilia moto, kisha juu yake wakarundika mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto ukishashika, huachwa ule mpaka ujizimie wenyewe. Magogo huisha, mawe hushuka taratibu kwenye majivu, na siku ya kufukua mchomaji huokota jiwe ambalo kwa macho ni lile lile alilolipandisha, lina umbo lile lile na vitundu vile vile. Tofauti anaisikia mkononi: jiwe limekuwa jepesi. Akilimwagia maji linachemka, linatoa mvuke, linapasuka na kuporomoka kuwa unga mweupe. Unga huo ndio ulioshika mawe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ya Gede, ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja.

Wepesi ule una kipimo. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa, likichomwa hadi kiini, haziwezi kutoa zaidi ya kilo 56 za chokaa kavu. Fundi awe hodari namna gani, magogo yawe ya mti gani, moto uwake siku mbili au kumi, hata gramu moja haiongezeki. Kilo 44 zilizobaki zimeondoka na upepo. Mtu anayejua hesabu hii anajua mavuno ya tanuu lake kabla hajanunua gogo la kwanza, na mimi naiona kuwa moja ya hesabu zenye manufaa makubwa kuliko zote ambazo kemia imempa binadamu. Wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuiacha mlangoni wanapotoka. Ni hasara, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayomwezesha mtu kutofautisha kile ambacho maumbile yamekataa kutoa na kile ambacho yeye mwenyewe amekipoteza.

Mtu aliyeukamata wepesi wa jiwe kwa mizani ni Joseph Black, daktari wa Uskoti. Miaka ya 1750 alikuwa kijana anayesomea udaktari Edinburgh, na walimu wawili wakubwa wa huko, Robert Whytt na Charles Alston, walikuwa wakibishana juu ya maji ya chokaa, ambayo siku hizo yalitumika kama dawa ya mawe ya kibofu. Walibishana kama chokaa bora hutoka kwenye magamba ya chaza au kwenye mawe ya ardhini. Black hakutaka kuingia katikati ya ugomvi wa wakubwa wake, kwa hiyo tasnifu yake ya mwaka 1754 aliielekeza kwenye unga mwingine mweupe unaoitwa magnesia. Lakini swali la chokaa halikumtoka, na matokeo ya kazi yake yote yalichapishwa mwaka 1756.

Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba jiwe likichomwa hupokea kitu kutoka kwenye moto. Chokaa kavu inaunguza ngozi na kuchemsha maji, basi bila shaka moto umeingia ndani yake na kujificha. Wazo hilo lina mantiki yake, na mtu aliyeona ndoo ya maji ikichemka bila kuni chini yake hawezi kulicheka. Black aliligeuza kwa kupima uzito. Alichukua chaki, ambayo ni jiwe laini la chokaa, ya dramu mbili, yaani punje 120 kwa vipimo vya wauza dawa wa zama zile, ambazo kwa vipimo vyetu hazifiki hata gramu 8. Akaichoma mpaka ikawa chokaa kamili. Akapima: dramu moja na punje 8. Punje 68 kati ya 120. Jiwe lilikuwa limepungua. Kama kuna kitu kilichohama, basi kilitoka, hakikuingia.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote. Chokaa ile ile aliitia kwenye maji yaliyoyeyushwa chumvi ya majivu, ambayo alijua kuwa imebeba hewa ya aina ile ile iliyotoka kwenye chaki ilipochomwa. Akaiacha kidogo, akaiosha, akaikausha, akaipima tena: dramu moja na punje 58. Chaki ilikuwa imerudi, punje 118 kati ya zile 120 za mwanzo. Hewa hiyo Black aliiita hewa iliyofungwa. Sisi leo tunaiita hewa ya ukaa. Punje mbili ndizo zilizopotea katika safari nzima ya kwenda na kurudi, kwa mizani ya karne ya 18 na mikono ya kijana anayeosha unga mweupe kwenye bakuli.

Black hakuwa na atomu. Hakujua kwamba chaki imeundwa kwa kalsiamu, kaboni na oksijeni, na majina hayo yalikuwa bado hata hayajazaliwa. Sisi tunazo atomu, na uzito wake ndio unaotuwezesha kuhesabu bila kuchoma kitu. Atomu ya kaboni tukiipa uzito wa 12, ya oksijeni huwa 16 na ya kalsiamu 40. Jiwe la chokaa lina kalsiamu moja, kaboni moja na oksijeni tatu: 40 na 12 na 48, jumla 100. Namba hiyo imekaa vizuri kwa bahati tu, lakini ni bahati inayomfaa mwanafunzi. Jiwe likichomwa, kaboni huondoka na oksijeni mbili, uzito wa 44. Kalsiamu hubaki na oksijeni moja, uzito wa 56. Hakuna atomu iliyoundwa wala iliyofutwa, zimegawana njia. Na kwa kuwa kila chembe ya jiwe hugawanyika kwa namna hiyo hiyo moja, uwiano ni ule ule ukiwa na gramu, kilo au tani. Tani moja ya jiwe, kilo 560 za chokaa.

Wanakemia huhesabu chembe kwa moli, kama muuza mayai anavyohesabu kwa trei. Tangu Mei 2019 moli moja imewekwa kisheria kuwa chembe 6.02214076 × 10²³, namba ambayo imepewa jina la Amedeo Avogadro wa Italia. Faida yake kwetu ni moja. Moli ya chembe za chokaa kavu huwa na gramu 56, na moli ya jiwe gramu 100, kwa hiyo mizani ya kawaida inaweza kuhesabu atomu ambazo hakuna jicho litakaloziona. Mwaka 1792 Mjerumani Jeremias Richter alianza kuchapa kitabu juu ya kupima uwiano wa vitu vinavyoungana, na miaka michache baadaye Mfaransa Joseph Proust akatetea kwa majaribio kwamba uwiano huo haubadiliki, kitu kiwe kimechimbwa ardhini au kimetengenezwa kwenye chupa. Mengine yote katika sura hii yanasimama juu ya kazi yao.

Turudi kwenye punje za Black. Asilimia 56 ya 120 ni punje 67 na kidogo. Yeye alipata 68. Amezidi ukomo!

Msomaji makini atasimama hapo, na afanye hivyo. Nimesema hata gramu haiongezeki, na sasa nina mtu aliyepata zaidi. Hii ndiyo kazi kubwa ya kuujua ukomo: ukipata zaidi ya kinachowezekana, umepata kitu kingine. Katika uchomaji wa chokaa kitu hicho mara nyingi ni mojawapo kati ya vitatu. Huenda kiini cha jiwe hakijaungua, kwa hiyo bado kimebeba hewa yake na uzito wake. Huenda jiwe lilikuwa na mchanga, ambao moto hauupunguzi. Au chokaa imekaa wazi ikavuta unyevu na hewa kabla ya kupimwa, jambo ambalo huanza mara tu inapopoa. Punje moja ya ziada ya Black ingeelezeka kwa sababu yoyote kati ya hizo. Mchomaji wa tanuu anayepata kilo 63 kutoka kwenye mawe ya kilo 100 asifurahi upesi. Apasue mawe machache makubwa atazame katikati. Hapo ndipo atakapoliona jiwe bichi.

Upande wa pili, kupata pungufu ni jambo la kawaida, na hapo hesabu inasaidia kutafuta mlango wa hasara. Matumbawe yanayovunjwa ufukweni hayawi safi. Tuseme kilo 100 za mawe zina kilo 5 za maji na kilo 5 za mchanga. Jiwe la chokaa lenyewe ni kilo 90, na ukomo wa chokaa yake ni kilo 50 na nusu hivi. Fundi akitoa kilo 48 za chokaa halisi kwenye tanuu hilo, amepata asilimia 95 ya kinachowezekana, na anastahili sifa. Akitoa kilo 35, amepoteza karibu theluthi moja, na sasa kuna maswali ya kuuliza: moto ulifika nyuzi 900 ambazo jiwe hili linazihitaji? Mawe yalikuwa makubwa mno? Unga umepeperuka au umechanganyika na majivu? Bila ile namba ya 50 na nusu, kilo 35 na kilo 48 ni mafungu mawili tu ya chokaa, na mwenye tanuu hana msingi wa kumsifu wala kumlaumu mtu.

Kuna hasara moja ambayo haitokani na uzembe wa mtu, nayo ilionyeshwa Edinburgh hiyo hiyo nusu karne baada ya Black. Sir James Hall alikuwa akitafuta ushahidi wa namna mawe yanavyotengenezwa chini ya ardhi. Alishindilia unga wa chaki kwenye mitutu ya bunduki, akaiziba kabisa, akaitia kwenye moto mkali. Mitutu mingine ilipasuka. Ile iliyostahimili alipoifungua hakukuta chokaa. Alikuta mawe magumu, mengine yakifanana na marumaru. Hewa ya ukaa haikuwa na pa kutokea, ikaendelea kusukumana na chokaa, na kila kilichotaka kuachana kikarudiana. Joto lilikuwepo, jiwe lilikuwepo, lakini zao halikupatikana. Ukomo wa hesabu ulikuwa ule ule wa asilimia 56. Kilichozuia kuufikia ni kizibo.

Kurudiana huku kumetawala viwanda vikubwa pia. Naitrojeni kilo 28 na hidrojeni kilo 6 zina ukomo wa kilo 34 za amonia, ambayo ndiyo chanzo cha mbolea za viwandani kama urea. Lakini amonia nayo huvunjika na kurudi ilikotoka, na katika njia aliyoibuni Fritz Haber na kufanywa ya kiwanda na Carl Bosch, hewa ikipita mara moja kwenye mtambo ni karibu asilimia 15 tu inayogeuka. Wahandisi hawakukubaliana na asilimia 15. Walijua kwamba asilimia 85 nyingine haijapotea, imo ndani ya bomba. Tangu kiwanda cha kwanza cha Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, amonia hupozwa ikatolewa kama kimiminika, na hewa isiyogeuka hurudishwa mwanzoni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka karibu yote imekuwa amonia.

Hadi hapa tumekuwa na jiwe moja linalovunjika. Hesabu inakuwa na ladha zaidi vitu viwili vinapokutana, kwa sababu lazima mtu ajue kipi kitaisha kwanza. Chukua karakana ya kuunganisha bajaji yenye fremu 7 na magurudumu 18. Magurudumu ni mengi kuliko fremu, lakini kila bajaji inakula matatu, kwa hiyo zitatoka bajaji 6 na fremu moja itabaki imesimama. Kilichokuwa kingi ndicho kilichokwisha. Wingi wa kitu peke yake hausemi lolote mpaka uulizwe kila zao moja linakula kiasi gani. Katika kemia kile kinachoisha kwanza huitwa kitendanishi kikomo, nacho ndicho kinachoweka ukomo wa zao. Kilichobaki, hata kikijaa ghala, hakina mwenzake.

Sioni mahali pazuri pa kulionyesha hili kuliko kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, inayotengenezwa na vikundi vingi vya akina mama kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Mafuta ya nazi si kitu kimoja bali mchanganyiko wa mafuta ya jamii moja, kwa hiyo watengenezaji hawatumii uzito wa atomu moja kwa moja. Hutumia kipimo kilichopatikana kwa majaribio: kilo moja ya mafuta ya nazi hula karibu gramu 183 za kostiki soda safi, kisha haili tena. Aina zinatofautiana kidogo, lakini kwa hesabu yetu 183 inatosha.

Kikundi kina kilo 12 za mafuta na kilo 2 za kostiki. Mafuta yote yangehitaji gramu 183 mara 12, yaani kilo 2 na gramu 196. Hazipo. Kostiki ndiyo itakayoisha kwanza. Basi hesabu tunaianzia kwenye kostiki: kilo 2 zinatosha kugeuza kilo 10.93 za mafuta, na kilo moja na kidogo ya mafuta itabaki kama ilivyo. Katika mmenyuko huo hutoka pia gliserini. Kila gramu 120 za kostiki huachilia gramu 92 za gliserini, kwa hiyo hapa itakuwa kilo 1.53. Mafuta yaliyogeuka pamoja na kostiki ni kilo 12.93, ukitoa gliserini, sabuni yenyewe ni kilo 11.4. Huo ndio ukomo. Vipande vilivyokatwa vitapimwa vizito zaidi ya hapo, kwa kuwa vimebeba pia gliserini, mafuta yaliyobaki na maji yaliyotumika kuyeyushia kostiki, na ndiyo sababu sabuni hupungua uzito ikianikwa wiki kadhaa kwenye chaga.

Sasa tazama uamuzi uliojificha kwenye hesabu hiyo. Kikundi kingeongeza kostiki kufikia kilo 3, mafuta yote 12 yangegeuka, na sabuni ingeongezeka. Lakini gramu 804 za kostiki zingebaki bila mafuta ya kula, zikakaa ndani ya kipande zikisubiri ngozi ya mtu. Kostiki huunguza, na anayeosha mtoto mchanga kwa sabuni hiyo ataliona jambo hilo siku ya kwanza. Ndiyo maana mtengenezaji anayejua kazi yake huhakikisha kwa makusudi kwamba kostiki ndiyo inayoisha, na mafuta ndiyo yanayobaki kidogo. Anachagua mwenyewe kitendanishi kikomo. Anakubali zao dogo kuliko lile ambalo angeweza kulipata, kwa sababu anajua masalio ya upande upi yana madhara na ya upande upi yanalainisha ngozi. Vitabu vya shule huiweka hesabu hii kama mbinu ya kupata zao kubwa kabisa. Kwenye beseni la sabuni inafanya kazi nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni ya heshima zaidi: inamlinda mtumiaji.

Beseni hilo hilo linafundisha kutoiamini namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Kostiki huvuta unyevu na hewa ya ukaa, na katika hewa ya pwani mfuko ulioachwa wazi huanza kulowana na kugandamana. Sehemu ya kostiki inageuka kuwa kitu kingine, kaboneti ya sodiamu, ambacho hakigeuzi mafuta ya nazi kuwa sabuni. Mizani bado itasema kilo 2. Kama kostiki halisi iliyobaki ni asilimia 90, kinachofanya kazi ni kilo 1.8, na mafuta yatakayogeuka ni kilo 9.84 tu. Zaidi ya kilo mbili za mafuta zitabaki bila mwenzake, sabuni itakuwa laini na yenye utelezi, na fundi atalaumu nazi. Kosa liko kwenye kifuniko. Ndoo ya plastiki inayofungwa vizuri ina thamani kubwa zaidi kwa kikundi hicho kuliko mashine ya kukorogea.

Nimeitaja kaboneti ya sodiamu kama mharibifu, lakini ndiyo hiyo hiyo inayochimbwa kwa tani nyingi katika Bonde la Ufa. Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado kusini mwa Kenya, limefunikwa kwa sehemu kubwa na tabaka gumu la chumvi, ndugu wa magadi yale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli ikatandikwa mpaka ziwani. Magadi ghafi, ambayo wataalamu huyaita trona, yamebeba maji ndani ya chembe zake na sehemu ya hewa ya ukaa inayoweza kufukuzwa kwa moto. Yakichomwa hubaki kaboneti ya sodiamu, yaani soda ya viwanda vya kioo na sabuni za unga.

Ukomo wake huu hapa. Chembe mbili za trona zina uzito wa 452. Zikichomwa hutoa soda yenye uzito wa 318, maji ya 90, na hewa ya ukaa ya 44. Jumla 452, hakuna kilichopungua. Kwa hiyo tani moja ya trona safi haiwezi kutoa zaidi ya kilo 703 za soda. Tani 10 zinazochomwa kando ya ziwa hutoa mzigo wa tani 7, na tani 3 za maji na hewa hazipandi treni ya kwenda Mombasa. Mwenye mgodi anayeuza trona ghafi kwa bei ya kilo, naye mnunuzi anayekwenda kuichoma mwenyewe, wote wawili wanapaswa kuwa na namba 703 akilini kabla ya kupeana mikono.

Tangu mwanzo tumekuwa tukihesabu kinachobaki kwenye tanuri. Zama zetu zinatulazimisha kuhesabu kinachopanda juu. Kaskazini mwa Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikichimba mawe ya matumbawe ya kale tangu miaka ya 1950, jamaa wa mawe yale ya tanuu, na sehemu ya machimbo yake iliyokwisha ndiyo iliyooteshwa msitu wa Haller Park. Saruji hutokana na klinka, madonge magumu ya jiwe la chokaa na udongo yaliyochomwa pamoja, na karibu theluthi mbili ya klinka ni chokaa. Tuseme asilimia 65. Kila chokaa yenye uzito wa 56 ilipozaliwa iliachilia hewa ya ukaa yenye uzito wa 44, kwa hiyo tani moja ya klinka imeachilia kama kilo 510 za hewa hiyo kutoka ndani ya jiwe lenyewe, kabla hatujahesabu moshi wa mafuta au makaa yaliyochomwa.

Namba hiyo ina ukali wake. Kiwanda kinaweza kubadili makaa kikatumia pumba za mpunga, maganda ya korosho au umeme wa jua, na kilo 510 hazitapungua, kwa kuwa hazikutoka kwenye moto. Zimetoka kwenye uwiano wa 44 kwa 56, ambao hakuna fundi anayeujadili. Anayetaka kuzipunguza ana njia chache: atumie klinka kidogo kwa kila mfuko wa saruji, akichanganya majivu ya volkano au udongo uliochomwa, au aikamate hewa hiyo mlangoni. Naandika hivi kwa mkazo kwa sababu ahadi nyingi za saruji safi hutaja moto tu, na msomaji mwenye kalamu anaweza kuzipima mwenyewe kwa dakika moja.

Sehemu ya deni hulipwa na ukuta. Chokaa ikimwagiwa maji, kilo 56 hula kilo 18 za maji, yaani lita 18, na kuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Ikishapakwa ukutani, polepole hunyonya kilo 44 za hewa ya ukaa, ikaachilia yale maji kilo 18, na kurudi kuwa jiwe la kilo 100. Kwa plasta nyembamba ya chokaa mzunguko huo hufika mbali sana. Katika zege la saruji hewa huingia milimita chache kwa miaka mingi, na zege lenye nondo halitakiwi lifikwe mpaka ndani, kwa kuwa nondo zitashika kutu. Hewa inayorudi ni sehemu tu ya ile iliyotoka.

Kwa hiyo kazi kubwa sasa iko kwenye bomba la moshi. Brevik, nchini Norway, kiwanda cha saruji kilizindua mwaka 2025 mtambo wa kukamata hewa ya ukaa uliokusudiwa kuchukua tani 400,000 kwa mwaka, karibu nusu ya inayotoka kiwandani hapo. Hewa hiyo hugandamizwa kuwa kimiminika, ikapakiwa melini, ikapelekwa kufungiwa kwenye miamba chini ya bahari. Kama yote ingekuwa imetoka kwenye mawe peke yake, tani 400,000 ni pumzi ya tani 909,000 za jiwe la chokaa: gawanya kwa 44, zidisha kwa 100.